Chale Mbili

Siku sita napima majani ya wenzangu:
kikapu, ndoano ya mizani, namba daftarini.
Majani mawili na kichipukizi, pita.
Jani gumu, jani la nne, mwaga kando,
na mama wa watu ananitazama
kana kwamba nimemwaga chumvi yake.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza,
nashuka bwawa la pili, chini ya kiwanda,
kijito kinapoingilia,
na ufito wa mlanzi alioniachia Aloisi Chavala,
mchochea tanuri, marehemu sasa.
Ukungu wa Mufindi bado umelalia maji.
Vidole havijui kama ni vyangu.
Atukuzwe, wa darasa la tatu, amebeba ndoo
na maswali.

Kwenye ufito pana chale,
shubiri moja na vidole viwili toka kwenye kishikio.
Aloisi aliichonga kwa kisu cha kupogolea.
"Asiyefika hapa ni deni," alisema. "Mrudishe."
Hakueleza deni la nani.
Miaka kumi na mmoja nimelaza samaki kwenye chale hiyo
nikidhani haki ni kitu chepesi:
mfupi, majini; mrefu, ndooni.

Wa kwanza leo, trauti wa kiganja,
madoa yake hayajakolea.
Nalowesha mikono, maana mkono mkavu humbabua,
nachomoa ndoano, namwachia.
Anasimama kidogo kama aliyesahau jambo,
kisha hayupo.

Wa pili aliupinda ufito hadi nikasikia mlanzi unalia.
Atukuzwe aliitupa ndoo akapiga kelele.
Jike. Amepita chale, anakaribia kiwiko changu,
tumbo limetuna kama gunia la majani ya masika.
Kwa chale ya Aloisi, ni wangu.
Nami nikaikumbuka Juni ile
nilipompasua mwingine kama huyu juu ya beseni:
mayai yakamwagika, rangi ya papai,
mengi kuliko namba zote nilizowahi kuandika,
na mke wangu akauliza tu,
"Na haya tunayapeleka wapi?"
Kuku waliyala.

"Baba, huyo si mdogo."
"Si mdogo."
"Sasa?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimepiga magoti topeni,
nimemshika mkia, kichwa chake kikielekea kijito,
matamvua yakifunguka, yakifunga,
mpaka mwenyewe akaamua kwenda.

Wa tatu, hapo ndipo.
Mdogo, hafiki chale,
lakini kaimeza ndoano hadi kooni
na damu inachuruzika kwenye matamvua,
nyembamba, nyekundu kuliko nilivyotaka.
Kumrudisha ni kuonekana mwema
mbele ya mtoto,
na kesho wamkute tumbo juu kwenye matete.
Nikampiga jiwe, mara moja.
Atukuzwe hakulia.
Alisogeza ndoo.

Usiku: samaki mmoja, watu watatu,
ugali mkubwa kumzidi mara tano.
Mke wangu akanipa kichwa,
"kwa kuwa ndicho kilichofanya hesabu."
Tukala polepole, kwa ajili ya miiba
na kwa ajili ya yeye.

Kisha nikauchukua ufito, nikakaa karibu na moto,
nikachonga chale ya pili,
nusu shubiri mbele ya ile ya Aloisi.
Kati ya hizi mbili, wetu.
Nje ya hizi mbili, si wetu.
Nilisema hivyo kwa sauti ya karani.

"Na wa leo?" Atukuzwe akauliza.
"Yeye yuko wapi kwenye ufito?"

Nikampa aushike.
Aliupapasa, akapita chale mpya, akapita ya zamani,
akafika palipo laini, pasipo na alama,
akaacha kidole chake hapo.