Futi ya Fundi

Mimi ni fundi cherehani hapa Karaganda.
Watu huniletea harusi zao, misiba yao,
na vitambi wanavyovionea haya.
Naandika namba, sisemi.
Kaka yangu Sagindik nampima kila theluji ya kwanza.

Mwaka ule behewa la makaa lilipomshukia shimoni,
suruali zake zilibaki nzima kabatini.
Nikazikata. Nikazipinda ncha kwa uzi maradufu,
maana kitambaa kisicho na kazi hufumuka.
Shingo: thelathini na sita. Kifua: themanini na tisa.
Mikono ya mtu anayenyanyua kijiko tu.

Kisha akaja Irma Wiebe,
aliyestaafu kufundisha hesabu, hakustaafu kufoka.
Akamlaza kwenye benchi pana,
akamfunga mapaja yaliyosalia kwa mkanda,
akampa chuma kitupu, kilo ishirini.
"Shusha. Tulia kifuani. Nikisema sukuma, sukuma."
Chuma kikatetemeka kama kifuniko cha sufuria.

Theluji ya pili: shingo arubaini. Kifua mia na mbili.
Nikadhani futi imelegea kwa uzee, nikanunua mpya.
Theluji ya tatu shati lilimpasukia kwapani
akinyoosha mkono kuomba mkate.
Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Wageni huona kifua. Mimi naona mengine:
anavyohama kitandani kwenda kitini bila kuniita;
kwamba mguu usiokuwepo, uliokuwa ukimwamsha saa tisa za usiku,
sasa humuuma siku za mapumziko tu,
kana kwamba nao unataka kazi.
Viganja vimeota sugu, vinakwaruza hariri,
kwa hiyo nimempiga marufuku
kugusa magauni ya mabibi harusi.

Lakini chuma ni mkopeshaji, hakisahau.
Daktari alituonyesha picha ya bega la kushoto:
kano imeanza kuchanika nyuzinyuzi,
kama ukingo wa kitambaa usiopindwa.
Nilielewa kabla hajaeleza.
"Apumzike miezi mitatu."

Apumzike vipi?
Mwenye miguu akiumia bega, huenda hospitali kwa miguu.
Huyu bega ndilo mguu. Ndilo mlima wa kwenda dukani,
ndilo barafu ya mlangoni, ndilo choo.
Analosukumia chuma ndilo analosukumia magurudumu,
na lifti ya jengo letu imekufa tangu Oktoba.

Shimkent, mwezi wa Machi. Ukumbi unanuka chaki na chai.
Walimpima uzito, wakaongeza kidogo
kufidia miguu isiyopanda mizani.
"Umeona?" Irma akamnong'oneza. "Hata huku bado inahesabiwa."

Kilo mia moja sitini na tano.
Akashusha. Akatulia.
Mimi nikasahau kuwa kupumua ni bure.
Chuma kikapanda, mkono wa kulia ukitangulia,
wa kushoto ukiburutwa kama mtoto asiyetaka shule,
mpaka juu, mpaka viwiko vikanyooka,
na watu wakapiga makofi,
na taa za waamuzi zikawaka:
nyeupe, nyekundu, nyekundu.
Hakupandisha sawasawa.
Kilo zote zilipanda. Hazikuandikwa.

Usiku ule, nyumbani, akavua shati.
"Nipime."
"Theluji inakwisha, Sagindik, haianzi."
"Nipime."

Mkono wa kulia: arubaini na tano.
Wa kushoto: arubaini na tatu na nusu.
Miaka yote nilikuwa nampima mmoja tu,
nikiamini mwingine ni ndugu yake.

Sasa shati lipo mezani.
Nimekata mikono miwili isiyolingana
ili akilivaa, lionekane limelingana.
Anasema Irma anamngoja Jumatatu.
Anasema atabeba kidogo tu, atalidekeza bega.
Ananitazama, anataka nijibu.

Nina pini mdomoni.