Mhesabu

Sanduku la kwanza kwenye fomu: jina.
Bi Perpetua Magbanua anasema naweza kuliacha wazi,
sheria inaruhusu. Feni inapeperusha karatasi,
anaigandamiza kwa kikombe cha kahawa.
Naandika: Roderico Sumagaysay, mwaka wa tatu,
uhandisi wa ujenzi, Iloilo.

Sanduku la pili: ulikuwa nani pale?
Kalamu inasita.
Sikushika kasia. Sikumfunga mtu kitambaa machoni.
Mimi nilikuwa mhesabu.

Nyumba ya kupanga, ng'ambo ya mashamba ya mpunga,
mvua ikipiga bati hata jirani asisikie kitu.
Ndiyo maana tuliichagua.
Jhunrey Palmares alikuja na soksi zenye picha za mananasi,
zawadi ya dada yake. Hata Dindo alicheka.
Kwa dakika moja tulikuwa wavulana sita
tunaocheka soksi.
Kisha tukamwapisha:

        Nimeingia udugu, mlangoni sitatoka,
        Siri ya ndugu ni ndugu, nikiitoa nang'oka,
        Kiapo changu ni sugu, hakifi wala kuchoka,

Mshororo wa nne siuandiki.

Moja, nikasema. Mbili.
Sauti yangu tulivu, ya mtu anayepima saruji.
Kumi na nne, nikasema, halafu: kumi na saba.
Niliruka mawili na hakuna aliyegundua.
Nikajiona mwema.
Nililala usingizi mzito, nikijiona mwema.

Asubuhi mkojo wake ulikuwa na rangi
ya hii kahawa iliyokalia karatasi yangu.
Figo, daktari alisema. Nyama ikipondwa sana
sumu yake huteremka kwenye figo.
Simu ikatetema mfukoni, Dindo anatuandikia sote:
Alianguka kwenye ngazi. Tuliona.

Ile nyumba haina ngazi.

Hospitalini mama yake alinikatia nusu ya mkate wake.
"Wewe ndiye rafiki yake?"
Niliutafuna. Niliumeza.
Hilo nalo liandikwe, Bi Perpetua, kama lipo sanduku lake.

Ndugu ni kufaana, si kufanana.
Sisi tulifanana tu:
kovu moja, paja lile lile, mwaka baada ya mwaka.
Mimi pia nilipigwa. Sikuwahi kumwambia mtu.
Ningelisema langu
lake lisingekuwapo.

"Mapigo mangapi?" anauliza.
"Yalihesabiwa arobaini. Alipigwa thelathini na nane."
Anainua macho.
"Andika zote mbili," namwambia.
Anaandika. Anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena.
Kahawa imeacha duara juu ya jina langu.

*

Agosti. Nimesimamishwa masomo, kesi haijaisha.
Jhunrey husafishwa damu mara mbili kwa wiki.
Nimemwandikia. Hajajibu, na si lazima ajibu.
Mtaani kwetu wapo wanaovuka barabara wakiniona:
msaliti. Mama anasema niende kwa mjomba huko Cebu
mpaka watu wasahau.

Saa tano usiku, namba nisiyoijua.
"Wewe ndiye yule uliyesema?"
Sauti ya mtoto wa mwaka wa kwanza, pumzi juu juu.
"Uko wapi?"
"Ghorofa ya tatu. Mlangoni. Wako ndani, wananisubiri."
"Umeapa?"
"Bado."
"Shuka."
"Wataniita mwoga."
"Watakuita. Shuka."
Kimya. Nasikia mtu akicheka nyuma ya ubao wa mlango.
"Miguu haitaki," anasema.
"Weka mmoja tu. Mimi nitakuhesabia."

Moja. Nasikia kiatu kikigusa saruji.
Mbili. Tatu.
Tuliposogea anaanza kuhesabu nami, kwa kunong'ona.
Kumi na tatu.
Kumi na nne.
Kumi na tano, nikasema.
Kumi na sita.