Arobaini na Mbili

Daktari wa Ligula aligeuza risiti ya vipimo,
akachora nyuma yake uzi unaopenya ukuta.
"Hii ni protini," akasema. "Kila mtu anayo, hata mimi.
Imekaa kwenye ngozi ya seli, nusu ndani, nusu nje,
kama jirani aliyeingiza kichwa dirishani kuomba moto."
Kisha akachora mikasi, mmoja juu, mmoja chini.

Hapo usinieleze, nikamwambia, hapo napajua.
Mama yangu kabangua korosho miaka kumi na tisa
kiwandani Newala, kabla hakijafungwa kikawa ghala.
Ukikata sawa, punje inatoka nzima, nyeupe kama jino la mtoto.
Ukikosea upana wa ukucha, imepasuka,
na mafuta ya ganda yanakuganda vidoleni,
hayasikii sabuni, hayasikii limau.
Siku ya harusi ya kaka
vidole vyake vilikuwa vyeusi juu ya pilau.

"Basi ndivyo," akasema. "Kipande kikitoka na pingili arobaini,
aghalabu kinakwenda zake.
Kikitoka na arobaini na mbili,
hizo mbili za ziada ndizo zenye gundi.
Tunakiita beta-amiloidi."

Mbili!
Mama, Ajaba binti Nampindo,
aliyemshika karani wa mzani ukosi wa shati
kwa kilo mbili tu za gunia.
"Mbili si kitu? Haya, nipe mbili zako."

Kipande hukishika kipande, viwili huita cha tatu,
vinajipanga, vinatuama baina ya seli, vinakuwa madoa,
na habari iliyokuwa ikipita hapo inakwama.
La kwanza kukwama lilikuwa jina la mjukuu, Shazira.
Kisha bei ya mafuta ya taa.
Kisha mimi.
Ananiita Somoe, dada yake aliyekwenda mwaka wa njaa.
Siku hizi naitika.
Somoe alipendwa kuliko nilivyopendwa mimi,
naila faida yake kimyakimya.

Wanasema mtu akilala fofofo ubongo hujiosha,
maji hupita vichochoroni yakizoa taka za mchana.
Mama halali.
Saa tisa za usiku kafungua komeo, katoka na ndoo.
Tulimkuta mimi na Chihako wa bodaboda
kwenye njia ya Shimo la Mungu, pekupeku,
akiushika mteremko kama binti wa miaka tisa
zama zile maji ya Newala yakikaa bondeni
na ndoo moja ni safari ya nusu siku.
"Medi," akasema. "Medi."
Kiswahili chote kimemtoka, maji yamebaki.
Bomba liko uani kwetu, hatua sita kutoka mlangoni.
Sikumwambia.
Nilishika ndoo upande wa pili.
Chihako akazima taa ya pikipiki, sijui kwa nini.

Nilimuuliza daktari: madoa yakikwanguliwa, atarudi?
Akavua miwani.
Huko nje kuna dripu zinazoyapunguza, akasema,
mwendo wa ugonjwa unapungua kidogo, kwa wanaoanza;
kilichokwisha kwenda hakirudi.
Tena wapo waliozikwa na akili timamu,
vichwa vyao vikapasuliwa, vimejaa madoa yale yale.
"Labda ndiyo moto. Labda ni moshi tu,
na moto uko ndani ya seli, kwa nyuzi nyingine zinazojisokota."
Nilimpenda kwa ile labda yake.
Risiti nimeikunja, iko kwenye sanduku la kanga.

Leo asubuhi nimemtilia kiganjani korosho moja, na ganda lake.
Kaigeuza. Kidole gumba kimetembea mgongoni mwake,
kikasimama pale pale pa kukata.
Nikanyoosha mkono kuichukua.
Kaunasa mkono wangu, kanikazia macho,
macho ya zamani, ya kiwandani:
"Majivu kwanza, Somoe. Utaungua."