Kofia za Fimbo

Jumatatu klabu ya Nairn hufungwa,
nami hufungua.
Chumba cha nyuma, mabeseni mawili, dirisha linalotazama bahari ya kijivu,
na kapu limejaa vichwa visivyo na watu:
simbamarara mwenye sikio moja, bata,
soksi ndefu za sufu zenye vishungi,
ngozi nyeupe ambayo zamani ilikuwa nyeupe.

Wenyewe huviita vifuniko.
Mimi nasema kofia,
maana kitu kinachovishwa kichwa,
kikavuliwa kwa adabu kabla ya kazi,
kina jina gani lingine?

Sufu: maji ya baridi, sabuni kidogo.
Bonyeza, achia. Bonyeza, achia,
kama unayemtuliza mwenye pumu.
Usisugue. Usikamue. Itajikunja ikukatae.
Ngozi haifuliwi, hupanguswa:
kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu,
kisha mafuta kiasi cha punje ya njugu,
na mishono ni kwa mswaki alioniachia
msichana wa msimu uliopita.
Mchanga wa hapa ni mwembamba. Huingia penye uzi
kama deni dogo.

Kukausha ndiko kwenye elimu.
Ami yangu Shekuwe alikuwa na kofia ya vito,
miezi mitano kushonwa,
hakumwachia mtu aifue.
Alhamisi usiku aliifua mwenyewe,
akaivika kopo la maziwa ya unga
isije ikasahau kichwa.
Sikujua kuwa nilikuwa darasani.
Hapa navika chupa.
Chupa tupu za wiski, safu moja dirishani,
zimevaa, zimenyooka,
kama wageni wa harusi ambao hawajaambiwa wakae wapi.

Mwaka wa kwanza nilikuwa sijakumbuka hayo.
Disemba, giza saa kumi alasiri,
mimba ya miezi minane, miguu imevimba,
nikaitandaza kofia ya Bwana Urquhart juu ya hita,
nikaketi.
Nikasinzia.
Nilipoamka ilikuwa imekuwa ngumi.
Samawati na krimu, namba tatu imetariziwa mbele,
kazi ya mkono wa dada yake Morag
aliyehamia Kanada na sindano zake.

Niliivuta. Nikaipigisha mvuke wa birika.
Wasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi;
hawakusema mhunzi amwambie nini mwenye koleo.

Alikuja Jumamosi. Nikamwekea kiganjani
bila neno, maana Kiingereza changu
nacho kilikuwa kimenywea.
Akaigeuza. Akajaribu kuivika fimbo,
ikakaa juu kabisa kama tarbushi.
Akalitazama tumbo langu.
Akacheka, mtu yule ambaye Eilidh wa baa
aliapa hajaonyesha meno tangu amjue.
"Kaa nayo," akasema. "Utaiona kazi yake."

Januari, hospitali ya Inverness,
theluji ikipiga kioo bila sauti,
mkunga akatafuta kitu cha kumfunika mtoto kichwa.
Nikamwambia: mkobani.
Ikamkaa sawasawa, mpaka kwenye nyusi,
ikinuka kondoo na sabuni.
Mkunga akasoma namba.
"Oo, huyu wa tatu?"
Nilikuwa na uzazi wa kwanza, nyuzi saba, na usingizi.
Nikasema ndiyo.

Sasa Khatibu ana miaka sita, kichwa kikubwa,
anauliza kwa nini pichani ana namba
na hao wawili wa mbele wako wapi.
Baba yake husema waulize Kanada.

Na fimbo namba tatu ya Bwana Urquhart
hutembea kichwa wazi mpaka leo, mvua na jua.
Hakununua nyingine; nilipotaka kumlipa,
alikunja uso kama niliyemtukana.
Kwa hiyo kila Jumatatu, kapu likiisha,
naichomoa mkobani mwake,
naipangusa uso kwa kitambaa kikavu, nyuma ya masikio,
mahali ambapo fimbo haina masikio,
nairudisha taratibu
katikati ya wenzake waliovaa.