Safu ya Tisa

Karakana yetu iko Kizota, nyuma ya ghala la mashudu.
Mashine ya kukamua alizeti niliichora miezi minne
na kila kipuri kikawa na kadi yake kwenye kompyuta:
bonyeza parafujo, itakwambia uzito;
bonyeza beringi, itakwambia bei na duka.
Safu nane. Nikaridhika, nikaagiza chai.

Sechelela akavuta kiti, akaongeza ya tisa.
"Hapa tuandike inakula nini."
Nikamwambia inakula alizeti.
Hakucheka.
"Maji ya kupoza chuma. Mkaa wa kalibu.
Umri wa kipuri mpaka kifike jalalani,
na jalala lenyewe liko mlangoni kwa nani."

Tukabonyeza. Programu ikahesabu kufumba na kufumbua:
sifuri, sifuri, sifuri,
mayai matupu, kama ripoti yangu ya darasa la sita.
Kumbe mashine yangu ilishushwa na malaika:
hainywi, haichomi, haizeeki.
Nilitaka kuichapa karatasi hiyo niibandike ukutani.

Sechelela ndiye aliyegundua.
Pale tusipojua,
programu huchora duara, ikapita.

Basi tukaenda Kongwa, kwa fundi Ndahani.
Ana daftari la shule, jalada lake lina twiga,
kurasa zimekunywa mafuta hadi zinaangaza.
Humo mna kila kilichovunjika tangu masika ya mwaka juzi:
*Beringi ya nyuma, vumbi, siku 41.*
*Beringi ya nyuma, vumbi, siku 38.*
*Mama Chilewa kaacha kukamua, karudi kuuza mbegu.*
Hakuna aliyemtuma. Alisema tu,
"Lawama zikija, uwe na risiti."

Usiku ule nililiingiza daftari zima, ukurasa kwa ukurasa,
upepo wa Agosti ukisaga mchanga juu ya bati,
na kila siku za Ndahani zilipoingia
mchoro uligeuka rangi:
mfuniko, kisha ekseli, kisha ile beringi niliyoipenda,
nyekundu kama jicho lenye vikope.

Nilikasirika, sifichi.
Ule mviringo wa nyuma niliufuta mara kumi na nne
kabla haujanikalia sawa.
Asubuhi nikaukata.
Nikaivisha beringi kola ya tairi kuukuu,
nikaweka boliti za kipimo kinachouzwa Majengo
hata siku ya Jumapili.
Sura imeharibika. Inafanana na mjomba wangu.

Imebaki seli moja.
Mkaa wa kalibu hutoka upande wa Chenene,
alfajiri, magunia mawili kwa baiskeli,
na muuzaji haulizwi mti; akiulizwa haji tena.
Ukiiacha programu, itachora duara lake.
Kuna kitufe cha kuizuia, kimefichwa mbali;
Sechelela alikitafuta hadi umeme ukakatika.

Sasa pako wazi.
Mteja akigusa pengo hilo kwa kidole
akauliza mbona hamkumaliza,
tutamwambia hapo pana mti,
hatujui ni mmoja au ni mingapi.