Petali ya Manjano

Saa kumi na nusu alfajiri, Oktoba,
umande wa Gundaroo umeganda juu ya seng'enge,
nami nimechuchumaa nyuma ya trekta bovu la Alwyn
nikihesabu wazinzi.

Wa kwanza ni jike mwenye pete nyekundu mguuni.
Anachomoka kichakani kimya,
anavuka kijito kikavu, anavuka mipaka
ambayo mumewe huipigania mchana kutwa kwa wimbo,
na kule gizani kuna dume mwingine anaimba.
Dakika nne. Naandika: dakika nne.
Jua likichungulia amekwisha rudi,
anadonoadonoa wadudu
kama aliyeamka sasa hivi.

Mumewe, Alwyn kampa jina: Askofu.
Kichwa buluu ya moto wa gesi,
mkia wima kama kalamu sikioni mwa karani.
Lakini Askofu naye si askofu.
Saa tatu namwona na petali ya manjano mdomoni,
wala haipeleki nyumbani.
Anavuka seng'enge kwenda kwa mke wa mtu,
anapinda shingo, anaionyesha
kama stakabadhi ya deni ambalo bado halijakopwa.
Anafukuzwa. Anarudi.
Petali imeanguka njiani.

Vifaranga watatu, tone la damu kila mmoja,
dogo kama nukta.
Maabara ya Canberra ikajibu baada ya wiki sita:
hakuna wa Askofu.
Wawili ni wa yule wa ng'ambo ya kijito.
Wa tatu, baba hajulikani:
hana pete, hana jina,
hana kichaka katika ramani yetu.

Kitanda hakizai haramu, ndivyo inavyosemwa.
Kiota hakisemi kitu.
Kiota kinafumbua midomo mitatu.

Alwyn aliisoma karatasi amesimama,
mkono ameunyoosha mbali, miwani iko kwenye paji.
"Na yeye anajua?"
Nikasema hatujui kama anajua.
Nikasema kuna siku nilihesabu safari zake,
sabini na moja,
panzi, kiwavi, nondo, tena kiwavi,
na kila akitoka, kinyesi cha watoto mdomoni,
akitupe mbali, nyoka asinuse.

Kwenye mwimo wa mlango wa jikoni
kuna mistari ya penseli: urefu wa Rohan,
mwaka hadi mwaka, kwa mwandiko wa Alwyn.
Mstari wa kwanza unaanzia kiunoni mwangu.
Kabla ya hapo ubao ni mtupu.
Sikuuliza, wala hakuna aliyenieleza.

Aliikunja karatasi mara nne,
akainama, magoti yakalia,
akaisukuma chini ya mguu mfupi wa meza.
Akaitikisa meza. Ikatulia.
"Sabini na moja kwa siku?"

"Hadi saa sita," nikamjibu.
"Baada ya hapo nilikwenda kula."