Mengineyo

Kikao kilifunguliwa saa kumi na robo, Tandika,
nyuma ya ofisi ya serikali ya mtaa,
viti vya kukodi kumi na viwili, watu arobaini.
Siku ya tisa ya mgao wa maji.
Mimi katibu. Kalamu yangu inavuja,
na ndoo yangu ya njano iko foleni, ya ishirini na sita.

Ajenda moja: kisima cha Aikande,
bei ya ndoo kutoka mia mbili kwenda mia tano.

Akasimama Chambuso, wa kiwanda cha nguo enzi zile,
kadi ya chama bado imo mfukoni mwa shati:
"Maji yako ardhini, na ardhi ni ya umma.
Mwaka themanini na tatu mtu wa namna hii aliitwa mlanguzi.
Niliona kwa macho yangu sabuni zikimwagwa mtoni usiku
na wenye nazo, kwa hofu.
Ile ndiyo ilikuwa haki."
Nikaandika: haki.

Aikande hakuinuka. Alisema akiwa amekaa,
mkono umelala juu ya meza kama anayepimwa presha:
"Mkopo wa kikoba ni wangu.
Mchimbaji aligonga mwamba mara mbili, mara mbili nikalipa.
Usiku ule nililia peke yangu,
hakuna aliyekuja kuchangia machozi.
Leo mnachangia kiu?
Haki gani hiyo?"
Nikaandika: haki, na alama ya kuuliza.

Osmund, mwenye shahada asiye na kazi,
akachora hewani mistari miwili, ikakatana:
bei ikishuka foleni itapanda,
na kwenye foleni ndefu huchota mwenye kiwiko.
Watu wakacheka. Kiwiko wanakijua.

Bi Zamoyoni akavua miwani.
"Kwetu Kisarawe kisima kina mwenyewe,
kiu haina mwenyewe.
Mpita njia hupewa kata kwanza, jina huulizwa baadaye."
Mashauri akadakia kutoka mlangoni:
"Kwetu Usukumani, asiyekuja siku ya kuchimba lambo
haleti ng'ombe siku ya kunywesha.
Hata awe mjomba."
Wakatazamana, wote wawili wakiwa na uhakika
kwamba wamemnukuu Mungu.

Nikatazama daftari. Haki, haki, haki,
mara kumi na moja, kwa mwandiko uleule,
kama mtoto aliyepewa adhabu ya kurudia mstari mmoja
na bado hajaambiwa kosa lake.

Ndipo kilio kikatoka nyumba ya pili,
kile cha juu, kisicho na maneno.
Bi Siwema amekata roho.

Maiti hangoji mgao.
Aikande alikuwa wa kwanza kuinuka,
ufunguo akautoa kifuani.
Mpira ukaburutwa juu ya ukuta wa jirani,
Osmund akabeba mbilimbili bila kuchora chochote,
Chambuso akashika karai, Mashauri akakoka kuni.
Aikande, Mlutheri, alisimama nje ya pazia la kuoshea,
akipitisha ndoo ndani, amelowa hadi mabegani,
na hakuna aliyesema neno lile.
Hakukuwa na nafasi ya kulisema.

Kesho yake kibao kilisomeka mia tano.
Chambuso alikuwa foleni,
sarafu zimehesabiwa kiganjani, anaangalia pembeni.

Nami nikaketi kusafisha muhtasari.
"Wajumbe walikubaliana kwamba"
nikaacha mstari mtupu.
Chini, kwenye Mengineyo, nikaandika:
maji ya msiba, ndoo thelathini na moja.
Hazikulipwa. Hazikudaiwa.
Mwenyekiti akasoma, akaniambia nifute,
jambo hilo halikuwa kwenye ajenda.

Sijafuta.
Wala madumu yangu sita, yaliyojaa tangu siku ya kwanza,
sijayatoa uvunguni.
Kikaoni sikuchangia hoja.
Katibu, nilijiambia, kazi yake ni kuandika.